Etelka na Watoto wa Chumba cha Nyuma

Shangazi Etelka Péntek hakuzaa, lakini ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu kijijini kwetu ni nani aliyemfundisha kuomba, atakutajia jina lake kabla hajamtaja mama yake. Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumapili saa nne asubuhi, kengele ya tatu ikilia, wakubwa waliingia kanisani na wadogo wakamfuata yeye. Wale wadogo kabisa walimshika sketi. Aliwapeleka kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, akafunga mlango, na hakuna aliyewaona tena mpaka ibada iishe.

Chumba kile kilikuwa na jiko la vigae vya kijani, benchi nne fupi, na harufu ya kuni iliyochanganyika na jamu ya plamu. Etelka alikuwa na jina lake mwenyewe kwa kila mtoto. Mimi aliniita Kipanya, kwa sababu nilikuwa nikitafuna pindo la shali. Alisema “watoto wangu” bila aibu, na watu hawakucheka.

Kanisani kwetu mtu hakai anapotaka. Wanaume wako upande wa kusini, wanawake upande wa kaskazini, vijana wa kiume juu roshani. Wasichana hukaa benchi za mbele, karibu na mimbari. Msichana akiolewa, Jumapili inayofuata anahamia kwenye benchi ya kina mama wa nyumba ya mumewe, na humo husogea polepole kwa umri, mpaka awe mjane na kuhamia kwa wajane. Mgeni akimtazama mwanamke alipokaa, anajua habari zake zote. Etelka alichumbiwa mara moja. Mchumba alikwenda Hungaria, ng'ambo ya mpaka, kutafuta kazi, akaoa hukohuko. Miaka ikapita, na Etelka akawa bado yuko benchi za mbele, na wasichana waliomzunguka wana miaka kumi na sita. Alipofika thelathini na mbili, mchungaji wa zamani aliuliza kama kuna mtu anayeweza kukaa na watoto wakati wa ibada, ili wasisumbue. Mama yangu anakumbuka kwamba Etelka alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha.

Mwaka niliotimiza kumi na tatu, mchungaji yule alistaafu, akaletwa Noémi Kispál kutoka mjini Kolozsvár. Alikuwa na miaka thelathini na moja, nywele fupi kama za mvulana, na tabia ya kuuliza “kwa nini” mahali ambapo sisi hatujawahi kuuliza. Alibatiza watoto watatu msimu wa vuli. Baada ya ule wa tatu alituambia kutoka mimbarini kwamba kila mara kanisa zima husimama na kuahidi kumlea mtoto, kisha mtoto anatolewa mlangoni na kanisa halimwoni tena mpaka kipaimara. Basi kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, akasema, watoto wote watakaa ibadani, tangu wachanga wanaonyonya mpaka sisi wa kipaimara, tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Atakayelia na alie. Atakayelala na alale.

Kabla ya tangazo hilo alikwenda kwa Etelka, Jumamosi jioni, akiwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi. Alimwambia, “Shangazi, miaka ishirini na sita hujasikia mahubiri mpaka mwisho. Sasa na wewe ukae, upumzike.”

Etelka alimshukuru, akampa mikate midogo ya jibini iliyotoka jikoni muda uleule. Mgeni alipoondoka, Etelka alikiosha mara mbili kikombe alichonywea.

Jumapili ile watoto kumi na wanne waliingia kanisani kama maji yaliyofunguliwa. Wengi hawakuwa wameiona dari yetu tangu siku ya ubatizo: vibao vya mbao vya mraba, kila kimoja kimechorwa ua au ndege. Mtoto mmoja wa miaka minne alilala chali katikati ya njia, akaanza kuvihesabu kwa sauti, na kila akifika kumi na moja anarudia mwanzo. Mzee Vince Korpos, mzee mkuu wa kanisa, mtu wa masharubu na saa ya mfukoni, aligeuka mara tatu kumkazia macho. Mtoto alimpungia mkono.

Etelka alikuwa amesimama mlangoni. Benchi za wasichana tulikuwa tumejaa sisi. Kwa kina mama hakuwa na nyumba ya kumwingiza. Mjane hakuwa. Nilimwona akizitazama benchi moja baada ya moja, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya roshani, nyuma ya nguzo, na mkoba wake mapajani.

Baada ya ibada watu walisimama uani wakisifu. Watoto wadogo namna ile waliimba zaburi ya zamani beti zote, bila kitabu. Jirani yetu mmoja akasema kwamba huyu mchungaji mpya ana mkono mwema, miezi mitatu tu na ona alivyowafundisha. Mchungaji alimkatiza hapohapo, akasema hakuwafundisha hata neno moja, aliyewafundisha ni Shangazi Etelka. Lakini Etelka aliisikia sifa na hakulisikia jibu. Alikuwa ameshaondoka akipita njia ya makaburini.

Tangu hapo wivu ulimkaa kifuani kama moto wa pumba, ule usiotoa mwali wala kuzimika. Alijua ni mtoto gani aliyembebea mchungaji kitabu, na ni nani aliyekimbia kumwonyesha jino lililong'oka. Zamani meno yote ya kijiji yaliletwa kwake kwanza. Alijikuta akimkagua mchungaji kwa hila: joho lina vumbi pindoni, sauti inapasuka kwenye wimbo wa pili, watoto anawapapasa kichwani kama mtu anayepapasa tikiti maji sokoni. Mwenyewe alinisimulia haya miaka mingi baadaye, bila kujitetea. Alisema mtu mwenye wivu huwa ana macho makali mno, na hana kitu kizuri cha kuyafanyia.

Lakini kilichomtoa kwenye njia ni Boróka.

Boróka alikuwa binti wa Kinga Ambrus, msusi wa nywele pale kijijini. Alikuwa na miaka sita na hakusema neno. Alikuwa na mlio mmoja tu, mrefu, mzito, kama nyuki ndani ya chupa, na ukimshika hauishi. Mahali pekee alipokuwa akinyamaza ni mapajani pa Etelka, kando ya jiko la vigae. Miaka mitatu mfululizo Kinga alimwacha pale, akaenda kanisani kupumzika saa moja katika juma zima.

Jumapili ya tatu ya Majilio mlio ulianza katikati ya mahubiri. Vichwa viligeuka. Kinga alisimama, uso umemwiva, amtoe mtoto. Mchungaji akasema kutoka juu, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza jikoni, “Kinga, kaa tu. Hanikatizi.” Kinga akakaa, na mtoto akamponyoka. Akapita mbele yetu wasichana, akapanda ngazi za mimbari mpaka juu, akakamata joho la mchungaji kwa mikono miwili, akakaa sakafuni. Hatukumwona tena. Tulisikia mlio tu, ukishuka, ukishuka, mpaka ukaisha. Mchungaji aliendelea kuhubiri, mkono mmoja ukiwa chini.

Kutoka kwenye ngazi ya roshani mtu huiona mimbari kwa ubavuni. Etelka aliona kila kitu: ule mkono, kichwa cha mtoto kikiegemea goti la mwanamke aliyemjua kwa miezi mitatu.

“Nilitamani apige kelele,” aliniambia. “Nilikaa pale nikimwomba Mungu mtoto yule apige kelele.”

Jumanne iliyofuata wazee wa kanisa walikutana, na Etelka, kama kawaida, ndiye aliyewapikia chai. Mlango ulikuwa wazi. Alimsikia Mzee Vince akisema kwamba yeye hana ubaya na mtoto wa mtu, ila huyo wa Kinga abaki nyumbani mpaka ajifunze kutulia, maana kanisa si mzinga wa nyuki. Alimsikia pia mchungaji akijibu kwamba siku Boróka atakapozuiwa, na yeye atabaki nyumbani, wamtafute mwingine wa kuwahubiria. Wazee wakainamia vikombe vyao, jambo likaisha.

Jumatano Etelka alibeba chupa ya jamu ya plamu akaenda kwa Kinga. Alisubiri mteja aondoke. Kisha akasema, kwa huruma na kwa sauti ya chini, kwamba kwenye kikao imesemwa Boróka abaki nyumbani mpaka ajifunze kutulia.

“Nani kasema?” Kinga akauliza.

“Mchungaji.”

Maneno yalisemwa kweli. Aliyeyasema siye mchungaji.

Kinga hakulia mbele yake. Alifagia nywele zilizokuwa sakafuni, akazifagia tena palepale pasipo na kitu. Akasema, “Na alinitazama usoni akaniambia hanikatizi.” Etelka alimsihi asilitoe jambo hilo nje, lisije likazua ugomvi kanisani. Kinga akaahidi.

Basi Kinga na mwanawe wakapotea ibadani. Krismasi kila mtoto alikariri shairi lake na kupokea kifurushi cha karanga na chungwa, na kifurushi kimoja kikabaki chini ya mti. Etelka ndiye aliyejitolea kukipeleka. Tangu siku hiyo, kila Jumapili saa nne, badala ya kwenda ngazini alikwenda jikoni kwa Kinga. Boróka alimpanda mapajani kama zamani. Kengele ya tatu ililia, na wao watatu wako mezani wakila mkate na jamu. Alikuwa amemrudisha. Aliniambia hizo zilikuwa Jumapili tamu, na kwamba kila alipotoka pale alizunguka makaburini ili asikutane na watu wa ibada.

Mchungaji alikwenda kwa Kinga mara mbili mwezi wa kwanza, akaambiwa mlangoni kwamba mtoto ana kikohozi. Mara ya tatu, katikati ya Februari, alijiandikisha kukatwa nywele. Kinga hakuweza kumfukuza mteja. Alimfunga kitambaa shingoni, akamnyunyizia maji kichwani, akakata kimya. Mchungaji akamwuliza kupitia kioo amemkosea nini. Mkasi ukasimama.

“Ulisema mwanangu akae nyumbani mpaka atulie,” Kinga akasema. “Ungeniambia mwenyewe. Ningekuelewa kuliko hivi.”

Mchungaji aligeuka kitini na nywele zake nusu. Alisema hakuwahi kutamka hivyo, akasimulia kilichosemwa kwenye kikao, bila kumtaja aliyesema. Kisha akauliza nani kamletea habari hizo.

“Mtu asiyeweza kunidanganya,” Kinga akajibu.

Jina halikuhitajika, kwa sababu kijijini kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja.

Siku hiyohiyo mchungaji alibisha kwa Etelka, nywele za upande mmoja fupi, za upande mwingine ndefu. Etelka alikuwa akikata tambi za supu. Alikiangalia kile kichwa, akajua. Hakuacha kukata.

“Shangazi,” mchungaji akasema, “natoka kwa Kinga.”

“Naona. Hakumaliza.”

“Hakumaliza, ndiyo.” Akavuta kiti akakaa bila kukaribishwa. “Nieleze tu. Nimekukosea nini mpaka unifanyie hivi?”

Etelka alizikusanya tambi, akazitawanya tena. Ndipo akasema, “Ulinichukulia. Ulikuja hapa kwangu na furaha yako, ukala mikate yangu, ukanichukulia watoto wote kumi na wanne siku moja. Ukaniambia nipumzike. Nani alikwambia nimechoka?”

“Ungeniambia.”

“Nikwambieje? Mtu mzima nina miaka hamsini na minane, nije nikwambie nakuonea wivu kwa watoto wa watu?”

Mchungaji akatikisa kichwa. “Lakini sikukutoa, Shangazi. Nilitaka ukae nao. Kila Jumapili nakutafuta kwa macho, nakuta umejificha ngazini. Kwa nini hukai na sisi?”

“Nikae wapi?” Etelka akauliza, na kisu akakiweka chini. “Nionyeshe. Wewe umesoma, nionyeshe benchi yangu.”

Mchungaji alikuwa mtu wa mjini. Miezi mitano alikuwa akituangalia kutoka juu tumepangwa kama vyombo kabatini, na hakujua kwamba kuna aliyekosa rafu. Alipofahamu aliona haya, na alimwambia hivyo. Akamwambia na jingine, kwamba watoto wakijikwaa uani huita “Shangazi Etelka”, si Mchungaji, na kwamba yeye naye hilo limemwuma zaidi ya mara moja. Etelka aliniambia baadaye kwamba hilo lilimfurahisha kwa dakika nzima, na kwamba dakika hiyo ndiyo iliyomtisha.

“Mimi siwezi kuyarudisha maneno uliyompelekea Kinga,” mchungaji akasema akiinuka. “Aliyeyapeleka ndiye anayeijua njia.”

Etelka alikwenda kesho yake. Kinga alimwachia mlango nusu. Etelka alieleza yote pale barazani, theluji ikimwangukia begani, na Kinga alisikiliza mpaka mwisho.

“Mwanangu alikuwa na mahali pawili tu duniani nje ya nyumba hii,” Kinga akamwambia. “Kwako na kule mimbarini. Ukamfungia pa pili, ili ubaki wewe peke yako. Halafu ukawa unakuja kula mkate wangu.” Akataka kufunga, akaufungua tena. “Ulinisemea pembeni. Kasemee mbele ya kanisa. Ukishasema, njoo tuone.”

Ilimchukua Kwaresima nzima. Mara mbili alifika mpaka mlangoni pa kanisa akarudi. Jumapili ya Matawi, baada ya wimbo wa pili, aliinuka kutoka ngazini akatembea katikati ya kanisa, akasimama kando ya Meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa ameshika ngazi ya kwanza ya mimbari. Akashuka, akakaa.

Etelka hakuwa na karatasi. Alisema, “Nilimwambia Kinga Ambrus kwamba mchungaji amemkataza Boróka kuja. Ni uongo. Mchungaji alimtetea. Nilisema hivyo kwa wivu, kwa sababu mtoto alimwendea yeye. Naomba msamaha kwa Kinga, kwa mchungaji, na kwenu, kwa sababu mmekosa mtoto miezi mitatu kwa ajili yangu.”

Watoto tu ndio waliokuwa wakitikisika. Kisha upande wa wanaume kukasikika kikohozi, na Mzee Vince akasimama, mkono kwenye mnyororo wa saa. Alisema maneno yale yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ni yeye, na si haki mwanamke asimame pale peke yake. Akakaa ghafla kama aliyevutwa koti.

Etelka alibaki amesimama. Kumaliza alikuwa amemaliza, ila ngazi ilikuwa mbali, na watu wote wanamtazama. Mimi nilikuwa ukingoni mwa benchi ya wasichana. Sikuwa na fikra yoyote kubwa. Nilimwonea huruma tu, nikasogea, na mwenzangu akasogea, na benchi nzima ikasogea mpaka wa mwisho akabanwa ukutani. Etelka akakaa kando yangu. Kitabu cha nyimbo nilikishika mimi. Hakuna aliyemhamisha, wala siku hiyo wala baadaye, na Jumapili iliyofuata watoto wawili wadogo walitukuta pale, wakamkalia mapajani.

Pasaka Kinga alikuja, na Boróka kavaa kilemba cha shanga cha bibi yake. Kanisa zima lilijifanya halimtazami. Etelka alisogeza magoti, akaandaa mapaja. Mlio ulipoanza, mtoto aliteremka kwenye benchi ya mama yake, akaja upande wetu, akampita Etelka, akampita na mchungaji. Akavuka njia mpaka upande wa wanaume, ambako mtoto wa kike hakuwahi kukaa tangu kanisa lijengwe, akajipandisha kwa Mzee Vince na kuweka sikio kwenye saa yake. Akanyamaza hapo mpaka baraka. Mzee Vince hakuthubutu hata kujikuna.

“Kwa Vince,” Etelka alininong'oneza, na nilimsikia akisaga meno. “Afadhali hata kwa mchungaji.”

Kinga hakumsamehe upesi. Mwaka mzima walisalimiana tu. Siku moja alimtumia salamu kwamba nywele zake zimekuwa kama kiota, aje akatwe, na Etelka akaenda. Walizungumza nini sijui.

Mimi niliondoka kwenda kusoma, nikarudi, nikaolewa kijijini palepale, nikahamia benchi za kina mama. Kiangazi kilichopita nilimleta mwanangu wa kwanza kubatizwa. Siku hizi mtoto akishabatizwa hapelekwi nje. Anapitishwa mkono kwa mkono kwenye benchi, kila mtu ambebe kidogo wakati wimbo wa mwisho unaimbwa. Mwanangu alipita kwa wasichana, akafika kwa Etelka, ambaye sasa ana miaka sabini na mitatu, na hapo msafara ukakwama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa benchi ya nyuma yake, alinyoosha mikono. Etelka akageuza bega. Mama mkwe akamgusa mgongoni.

“Nitakupa wimbo ukiisha,” Etelka akasema bila kugeuka.

Wimbo ule una beti tisa, na kwa kawaida tunaimba mbili tu. Mchungaji Noémi, ambaye nywele zake zimeanza kuingia mvi, aliwaona kutoka juu, akampa ishara mpiga kinanda, na ukaimbwa wote.